Lindo la Kinywani

Jino limetoka lenyewe, Kibaigwa, asubuhi ya mnada,
ndani ya kipande cha muhogo wa kuchemsha
ambao hata mtoto asingeulalamikia.
Halikuuma. Hilo ndilo lililoniudhi.
Miaka sitini tumekaa nyumba moja,
limehama bila kuaga.
Sechelela akaliviringisha katika karatasi ya daftari
kama kielelezo cha kesi.
"Kesho, hospitali."

Kongwa, baada ya benchi refu la kijani,
daktari Ndahani akanimulika kinywani,
nami nikashtuka:
miaka thelathini na mmoja nilimulika watu,
sikuwahi kumulikwa.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"
"Mlinzi. Ghala la mahindi, zamu ya usiku."
"Basi tutaelewana.
Damu nayo ina walinzi wake.
Ujanani, mdudu akisogelea ufizi
wanafika mbio, wanamkamata, wanarudi kambini.
Siku hizi wamebaki kwenye daftari la mahudhurio:
huyu anasinzia, yule anafika jogoo ameshawika,
na wakishafika hawajui kuacha.
Wanapiga mwizi, wanapiga mlango,
wanapiga ukuta ule ule walioajiriwa kuulinda.
Mfupa unaoshika jino huliwa hivyo, mzee.
Si wadudu peke yao."

Nikanyamaza. Nilimjua mlinzi huyo.
Mwaka wangu wa mwisho, usiku usio na mwezi,
nilisikia mkwaruzo nyuma ya magunia,
nikarusha rungu kwa nguvu zangu zote.
Kulipokucha wakakuta mtungi umepasuka,
maji ya zamu mbili yameishia mchangani,
na panya, katikati ya gunia, amenenepa.
Tajiri hakunifokea.
Alinipa barua na blanketi.

"Mate pia yamepungua. Ni vile vidonge vya presha."
Nikaliona korongo la kwetu mwezi wa tisa:
mchanga, kwato za ng'ombe zilizokauka,
shimo moja la kuchotea kwa kata.
Ufizi umeshuka kama kingo zake,
mizizi iko wazi, haina lile ganda gumu la juu,
na uji wangu wa uwele, vijiko vitatu vya sukari,
unageuka tindikali, unaingia humo taratibu
kama mchwa katika nguzo ya tembe:
nje pamesiribwa vizuri,
ukisukuma kidole, kinazama.

Akanikabidhi mswaki laini
jinsi nilivyokabidhiwa funguo siku ya kwanza.
"Walinzi siwezi kuwarudishia ujana.
Ila tunaweza kuwapunguzia wezi.
Pole pole, hapa, mpakani mwa jino na ufizi.
Miezi mitatu, urudi tukwangue ugaga."

Basi jioni nasimama uani na kikombe.
Niko lindoni tena, bila rungu,
nazunguka ghala lenye milango iliyobaki kumi na saba.
Damu kidogo kwenye povu.
Nafukia kwa kidole cha mguu, Sechelela asione.
Ameona.

Nyemo, mjukuu wangu, naye ana pengo,
pengo la miaka sita, lisilo na haya.
"Babu, lirushe juu ya bati, upate jipya!"
Ningemweleza. Kuhusu walinzi, kuhusu mtungi.
Nikafungua karatasi ya daftari.
Nikarusha.

Jino likagonga bati, likabingirika,
likaanguka mbele ya kuku.
Kuku akalidonoa, akalitema.
Nyemo akakaa chini kwa kicheko,
nami nikacheka, kinywa wazi chote,
mapengo yote hadharani,
hadi Sechelela akaniita kutoka jikoni:
"Funga mdomo wewe.
Upepo wa Kongwa una vumbi."